OptiPlex 9020 yenye GTX 1050 Ti inakatakata kwenye gemu: kwa laki 6 nianze kubadili nini?

#1 Mwanachuo_Moro
Habari wakuu. Mashine ni Dell OptiPlex 9020 ile ya mnara (MT), si ile nyembamba. Ndani kuna i5-4570, RAM 8GB DDR3 kipande kimoja, GTX 1050 Ti 4GB isiyotaka waya wa umeme, HDD ya 1TB, pawasaplai ya asili wati 290. Skrini 1080p 60Hz, Windows 10.

Nacheza PUBG, GTA V na FC (mpira wa EA). Wastani wa fremu si mbaya, 50 hadi 60, ila nikiingia katikati ya mji kwenye GTA au nikitua PUBG zinaporomoka hadi ishirini na kitu, na mara nyingine picha inaganda kabisa nusu sekunde. Afterburner (programu ya kupima kadi) inasoma GPU, yaani kadi ya picha, asilimia 55 hadi 70, na CPU, yaani prosesa, 100. Bajeti laki 6, nikijikamua laki 7. Nafikiria RX 580 8GB. Mnanishauri nini?

#2 Chuma_cha_Pua
Achana na RX 580. Kadi inayofanya kazi kwa asilimia 60 haijazidiwa, inasubiri kazi iletwe. Ukiweka kadi yenye nguvu mara mbili, itasoma 30 na fremu zitabaki zilezile. Tatizo ni prosesa: i5-4570 ina kori 4 na nyuzi 4 (threads, kazi inazoendesha kwa pamoja), ya mwaka 2013. Gemu za sasa zinataka nyuzi 8 na kwenda juu.

#3 Bintizuhura
Kuna sababu nyingine ya kuikataa RX 580, na hii ni ya usalama. Kadi hiyo inakula takriban wati 185 na inataka plagi ya pini 8. Pawasaplai ya wati 290 ya OptiPlex haina plagi ya GPU hata moja. Utauziwa adapta ya kutoka SATA kwenda pini 6 au 8, usiikubali. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5, jumla wati 54. Plagi ya pini 6 inaruhusiwa kuvuta wati 75, ya pini 8 wati 150. Plastiki inayeyuka, na ikiyeyuka huwa inaondoka na kitu kingine.

Halafu pawasaplai ya kawaida haiingii moja kwa moja. Madabodi ya 9020 inatumia plagi kuu ya pini 8 ya Dell, si pini 24. Adapta ya 24 kwenda 8 ipo, ni kebo fupi ya bei nafuu, lakini hakikisha ni ya OptiPlex. HP EliteDesk za rika hilo zina plagi ya pini 6, na kebo hizo zinafanana kwa macho.

#4 Kipanga_Nai
Boss, nakubaliana na #2. Tafuta i7-4770 au i7-4790. Soketi ni ileile LGA1150, wati ni zilezile 84, unapata nyuzi 8 na keshi ya 8MB badala ya 6MB. Huku Nairobi zinatolewa kwa mashine za ex-UK na bei yake ni ndogo kuliko GPU yoyote ya maana. Ukikosa i7, kuna Xeon E3-1231 v3 au E3-1241 v3, ni i7 isiyo na grafiki ya ndani. Wewe una kadi, kwa hivyo haikusumbui. Sasisha BIOS kwanza kabla hujatoa prosesa ya zamani, maana i7-4790 na E3-1231 v3 zilikuja 2014 na BIOS ya mwanzo haizijui.

#5 Jongoo
Mnamuuzia mtu prosesa kwa namba moja tu. CPU 100 ni asilimia mia ya nini? i5-4570 chini ya mzigo inatakiwa isishuke 3.2GHz. Kama joto limefika nyuzi 100 za Selsiasi, yenyewe inapunguza kasi ili isiungue, labda hadi 2.4, na Windows bado itakuandikia 100. Weka i7 kwenye hitisinki ileile (chuma cha kupooza prosesa) yenye pasta ya joto iliyokauka, nayo itapunguza kasi vilevile.

Mwanachuo, washa HWiNFO (programu ya kusoma joto na kasi), acha gemu iende nusu saa, kisha soma vitu vitatu: joto la juu kabisa la kori, kasi ya chini kabisa ya kori, na mstari wa Thermal Throttling (kupunguza kasi kwa sababu ya joto) kama umewahi kuandika Yes.

#6 Nahodha_wa_Pangani
Jongoo umenena. Sisi wa pwani vumbi halikai peke yake, linashikana na unyevu wa chumvi na kuwa utando kwenye mapezi ya hitisinki. Kupuliza kwa nje hakutoshi. Fungua, toa feni, tumia brashi laini, na ushike pangaboi kwa kidole unapopuliza, lisizunguke kwa kasi likaharibu beringi. Pasta ya zamani ifute kwa spiriti ya isopropili, weka tone la ukubwa wa punje ya mchele katikati, kaza skrubu kwa msalaba, kila moja kidogo kidogo. Usinunue hitisinki mpya bila kuangalia kebo ya feni. Dell wana plagi yao, na ukiweka feni isiyotambulika mashine itakuambia feni imekufa na kukusubiri ubonyeze F1 kila ukiiwasha.

#7 FundiKoka
Wakuu, mmepita juu ya maneno mawili ya #1: "kipande kimoja". 8GB ya kipande kimoja maana yake memori inafanya kazi kwa njia moja. DDR3-1600 kwa njia moja ni GB 12.8 kwa sekunde. Kwa vipande viwili ni 25.6. Prosesa ikisubiri data kutoka kwenye RAM, Windows inahesabu muda huo kama kazi. Kwa hiyo hiyo CPU 100 inaweza kuwa sehemu yake ni njaa ya memori.

Na 8GB yenyewe haitoshi. Watengenezaji wa PUBG wenyewe wameandika kiwango cha chini 8GB na kinachopendekezwa 16GB. Windows pamoja na kivinjari na Discord vinachukua 3 hadi 4, kinachobaki hakitoshi, ziada inamwagwa kwenye diski. Na diski ni HDD. Hapo ndipo picha inapoganda.

Nunua kipande cha pili cha 8GB kilicho sawa na cha kwanza, kisha fungua CPU-Z kwenye Memory: Channel isome Dual. Ikisoma Single, umekipachika kwenye nafasi isiyo yake, hamisha.

#8 Sokomoko
Kwenye RAM jihadhari na vile vipande vya bei ya kutupa vilivyoandikwa "for AMD". Ni 8GB zenye chipu za mpangilio ambao Intel za kizazi hiki hazisomi. Mashine haiwaki, au inawaka na kuona 4GB. Muuzaji anakwambia madabodi yako mbovu. Omba ijaribiwe kwenye mashine ya Intel mbele yako, na ukifika nyumbani iendeshe MemTest86 usiku mzima. DDR3L ya 1.35V haina shida, inakubali na 1.5V.

#9 Chuma_cha_Pua
FundiKoka, RAM ni kweli, lakini hesabu ya njia mbili umeipa uzito kupita kiasi. Mwenye grafiki ya ndani anapata faida kubwa sana kwa sababu GPU yake inakula RAM hiyohiyo. Mwenye kadi anapata kiasi, hasa kwenye zile fremu za chini kabisa. Haitageuza nyuzi 4 kuwa 8.

#10 FundiKoka
Na tatizo lake ni hizo fremu za chini kabisa. Soma #1 tena mkuu: wastani anaupenda, analalamikia kuporomoka.

#11 Mzalendo_Mtwara
Mimi naona mnapanga fanicha kwenye nyumba inayobomolewa. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka Intel kizazi cha 8 kwenda juu na TPM 2.0 (chipu ya usalama); 9020 ni kizazi cha 4 na TPM yake ni 1.2. Battlefield 6 inadai Secure Boot (ulinzi wa BIOS wakati wa kuwasha). Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot. Ukilazimisha Windows 11 kwenye mashine hii itakupa kosa la VAN9001 na mchezo hauanzi. Uza hiyo mnara, ongeza, chukua Ryzen 5 5600.

#12 Bintizuhura
Mzalendo, tenganisha mambo. Ukijiandikisha kwenye ESU (mpango wa Microsoft wa masasisho ya ziada) unapata masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026. Valorant kwenye Windows 10 haidai TPM. Na kijana hakutaja Valorant wala Battlefield, ametaja PUBG, GTA na FC.

Secure Boot yenyewe 9020 inayo. Kinachozuia mara nyingi ni kwamba Windows iliwekwa kwa mtindo wa zamani wa Legacy kwenye diski ya mpangilio wa zamani wa MBR. Angalia msinfo32: BIOS Mode ikisoma Legacy, endesha mbr2gpt /validate /allowFullOS, ikikubali ndipo uweke /convert mahali pa /validate (diski inakuwa GPT), kisha ingia BIOS ubadili kwenda UEFI. Nakili vitu vyako kwanza.

#13 Kipanga_Nai
Hapo kwa Ryzen 5 5600 bajeti imekufa. Sio prosesa pekee: ni madabodi ya B450 au B550, DDR4 16GB, pawasaplai, kasha. Kasha la OptiPlex halichukui madabodi ya kawaida, swichi na plagi za mbele ni za Dell. Na bei ya RAM imepanda vibaya tangu mwisho wa 2025, viwanda vinapeleka memori kwa seva za AI.

#14 Chuma_cha_Pua
Ndiyo maana tugawanye kwa swali moja: kipi kitahama naye kwenda mashine ijayo? SSD inahama. GPU inahama. Pawasaplai ya kawaida inahama. i7 ya LGA1150 na DDR3 hazihami, zitazikwa na 9020. Kwa hiyo kwenye vinavyozikwa weka hela kidogo iwezekanavyo, mtumba tu.

#15 Jongoo
Swali zuri, lakini linajibu "ninunue nini", halijajibu "nini kinaumwa". Mwanachuo bado hajaleta vipimo. Ongeza na hiki: shusha ubora wa skrini kutoka 1080p hadi 720p bila kugusa kitu kingine, upite njia ileile GTA. Fremu zikipanda sana, GPU ndiyo ilikuwa inabana. Zikibaki, GPU imetoka kwenye kesi.

#16 Sokomoko
Na hakikisha waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi, si kwenye madabodi. Tusicheke, huwa inatokea.

#17 Mwanachuo_Moro
Asanteni. Waya uko kwenye kadi. Vipimo, nusu saa GTA na nusu saa PUBG:

Joto la juu 91, kasi ya chini 3.39GHz, Throttling No. Kwa 720p kuporomoka kuko vilevile, wastani umepanda kidogo sana. RAM in use 7.4GB, Committed 11.8. Halafu nimegundua kuna aina mbili. Nikiwa mjini na magari mengi fremu zinakaa 38 hadi 45, kori zote 4 ziko 98 hadi 100, diski imetulia. Ile ya kuganda nusu sekunde ni tofauti: diski inapiga 100, na CPU inashuka hadi 60.

#18 FundiKoka
Haya ndiyo tuliyokuwa tunayatafuta. Committed, yaani memori ambayo programu zimeahidiwa, ni GB 11.8 kwenye mashine yenye 8; sehemu ya hiyo tofauti inaishia kwenye HDD. CPU kushuka wakati wa kuganda ni ushahidi kwamba inasubiri. RAM na SSD vinamaliza hilo.

#19 Kipanga_Nai
Na ile 38 hadi 45 mjini diski ikiwa imetulia? Hiyo ni prosesa tupu. i7.

#20 Jongoo
Au njia moja ya memori. Kipimo cha 720p kimeitoa GPU kwenye kesi, hakijaihukumu prosesa. Kipande cha pili cha RAM lazima anunue hata hivyo. Akishakiweka apime mjini tena. Fremu zikifika 50 na kitu, i7 ni ya hiari. Joto la 91 nalo si la kupuuza hata kama halijapunguza kasi: i7 kwenye hitisinki hiyohiyo itafika 100. Pasta kabla ya i7, si baada.

#21 Nahodha_wa_Pangani
Hiyo HDD ina umri gani? Fungua CrystalDiskInfo (programu ya afya ya diski), soma mistari ya 05 (sekta zilizokwisha badilishwa) na C5 (zinazongoja). Diski inayopiga 100 wakati kinachosomwa ni kidogo inaweza kuwa inarudia kusoma sehemu mbovu, na umeme wa kukatika ghafla unaweza kuzileta.

#22 Bintizuhura
Kuhusu SSD: chukua ya SATA ya inchi 2.5, 500GB au 1TB. Itasoma karibu MB 550 kwa sekunde dhidi ya 100 na kitu za HDD, lakini faida kubwa iko kwenye mafaili madogo madogo ambako HDD inasogeza kichwa huku na huku. Usishawishike na NVMe (SSD ya PCIe) ya adapta: BIOS ya 9020 haijui kuwasha Windows kutoka NVMe bila kuchezewa, na tofauti ndani ya gemu hizi hutaiona. Weka Windows upya badala ya kuhamisha ile ya zamani na uchafu wake, kwa UEFI na GPT tangu mwanzo. HDD iwe ya kuhifadhia picha na filamu tu.

#23 Mzalendo_Mtwara
Na siku akitaka kadi? Pascal, kizazi cha hiyo 1050 Ti yake, nayo inaondoka. Draiva za kawaida za GTX 10 Nvidia wamezifunga Oktoba 2025, sasa ni za usalama tu hadi Oktoba 2028.

#24 Chuma_cha_Pua
Kwa pawasaplai ya 290 isiyo na plagi, kadi ya maana ni RTX 3050 ya 6GB. Wati 70, inavuta zote kwenye sloti. Iwe ya 6GB; ile ya 8GB inataka plagi. RX 6400 inakula wati 53 lakini ina njia 4 tu za PCIe, na kwenye sloti ya kizazi cha 3 kama hii inapoteza. Intel Arc usiiguse, bila Resizable BAR (prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mara moja) inadorora, na Haswell (kizazi cha 4 cha Intel, kama hii) haina. RX 6600 ni nzuri sana, wati 132, ila hapo ni pawasaplai mpya na ile adapta ya #3.

#25 Sokomoko
Ukienda kununua kadi ya mtumba beba flashi yenye GPU-Z. Kuna chipu za kale za GTS 450 zimeandikwa upya BIOS zijiite 1050 Ti; GPU-Z inaweka neno FAKE mbele ya jina. 1050 Ti halali ina kori za CUDA 768. Tundu la VGA kwenye 1050 Ti ni la kushukiwa, Pascal haitoi picha ya analogi yenyewe. RX 580 iangalie namba 2304. Ikisoma 2048 ni kama RX 570 kwa jina la mkubwa wake.

#26 Mwanachuo_Moro
Nimesoma CrystalDiskInfo. 05 ni sifuri, C5 ni 16, imeandika Caution rangi ya njano. Kwa hiyo SSD kwanza, RAM ya pili, pasta, kisha i7 hela ikibaki?

#27 Nahodha_wa_Pangani
C5 ni 16 maana yake kuna sekta 16 diski imeshindwa kuzisoma na inangoja kuzibadili. Leo hii nakili kazi zako za chuo kwenda kwingine kabla ya gemu yoyote. Usiendeshe chkdsk /r kabla ya kunakili, inaisugua diski nzima na dhaifu hufia hapo.

#28 FundiKoka
Mpangilio huo ni sawa. Ila RAM na SSD usiviweke siku moja. Weka RAM, pima mjini, andika namba. Kesho yake SSD, pima tena. Ukiweka vyote pamoja hatutajua nini kimetibu nini.

#29 Bintizuhura
FundiKoka, kwa diski yenye C5 simshauri asubiri hata siku moja. SSD iingie kwanza, vipimo baadaye.

#30 Kipanga_Nai
Sawa, SSD imeshinda. Lakini hizo fremu 38 za mjini bado nazidai. Ukishaweka kipande cha pili cha RAM, pita njia ileile, saa ileile ya ndani ya gemu ili magari yawe mengi vilevile, na ushushe Population Density (wingi wa watu na magari) nusu uone. Zikiruka hadi 55 kwa hilo peke yake, ni nyuzi za prosesa, na hiyo i7 bado iko njiani.